Pipa la Profesa Saintsbury: wiski uliyoipenda zaidi, unaikumbuka kweli?

Mwaka 1920 mzee mmoja wa Kiingereza, aliyeshavuka miaka 70, alitoa kitabu kuhusu vinywaji alivyowahi kununua, kuhifadhi na kunywa maishani mwake. Anaitwa George Saintsbury. Hakuwa mfanyabiashara wa pombe wala mkemia. Alikuwa mtu wa fasihi, profesa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1895 mpaka alipostaafu mwaka 1915. Kitabu chake kinaitwa Notes on a Cellar-Book, na kimejengwa juu ya daftari alilokuwa akiandika kilichomo kwenye ghala lake la chini ya nyumba.

Sehemu kubwa ya kitabu ni mvinyo. Lakini kuna mahali anaongelea pombe kali, na hapo anafanya jambo ambalo kila mpenzi wa wiski hulifanya siku moja: anageuka nyuma, anazipanga alizozionja, halafu anataja zile anazozipenda. Za moyoni mwake hasa ni mbili, Clyne Lish (ndivyo alivyoiandika) na Glenlivet. Wengine anaowapa heshima ni Glen Grant, Talisker, na wiski za kisiwa cha Islay kama Lagavulin, Ardbeg na Caol Ila.

Sasa basi, tuseme wewe ni mtafiti na umeletewa orodha hii mezani. Ni data ya aina gani? Mtu mmoja, mdomo mmoja, miaka mingi, na sehemu kubwa imetoka kichwani. Wengi wetu tungeirudisha haraka haraka. Ila kabla hujaitupa, kumbuka kwamba dunia bado inapima ladha kwa midomo ya watu. Chai inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa huonjwa na watu kabla ya kupewa bei. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Kipato cha mkulima kinapita kwenye ulimi wa mtu aliyekaa mbali na shamba. Kwa hiyo swali la kama tunaweza kuiamini kumbukumbu ya ladha sio la wazee wenye maghala ya mvinyo tu. Wiski inatufaa kama mfano kwa sababu watu wameipima, wameibishania na kuiandikia kwa zaidi ya karne moja, na njia waliyopita inaonekana vizuri.

Kwanza, wiski yenyewe

Kwa asiyeijua, kanuni ya wiski haina siri. Wiski ya kimea ya Scotland inaanza na shayiri iliyolowekwa mpaka ikachipua, ikakaushwa, ikasagwa, ikatiwa maji ya moto ili sukari itoke, kisha chachu ikaigeuza sukari kuwa pombe. Baada ya hapo inakenekwa, na hapa mtu yeyote aliyewahi kuona mtambo wa gongo au chang'aa hahitaji maelezo marefu: unachemsha, unaukamata mvuke, unaupoza, unakusanya matone. Sheria ya leo inataka pombe hiyo ilale kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na iwe na nguvu isiyopungua asilimia 40 inapotiwa kwenye chupa.

Harufu zinatoka wapi? Tuzitazame njia mbili kubwa. Ya kwanza ni moshi. Sehemu nyingi za Scotland hazina miti mingi, ila zina piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi uliotokana na mimea iliyooza nusu nusu. Unakatwa kama matofali, unaanikwa, unachomwa kama kuni. Ukikaushia shayiri kwa moshi huo, kemikali ziitwazo fenoli zinashika kwenye nafaka, mojawapo ikiwa gwayakoli, na zinabaki hadi kwenye glasi. Ndiyo maana wiski nyingine zinanuka kama samaki wa kukaushwa kwa moshi au kama dawa ya kusafishia vidonda. Njia ya pili ni pipa. Mbao za mwaloni zikipashwa moto au kuchomwa ndani, sehemu ya mbao iitwayo lignini inavunjika na kutoa vanilini, ile ile inayonukia kwenye keki na aiskrimu. Mbao hizo hizo hutoa pia harufu inayofanana na nazi.

Kingine cha kukumbuka: sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu. Ulimi unatambua mambo machache tu, utamu, uchungu, chumvi, ukali wa ndimu na ile ladha ya supu nzito. Yaliyobaki yanapanda nyuma ya koo na kuingia puani. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walionyesha kwamba pua ina familia kubwa mno ya jeni za vipokezi vya harufu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina kama 400 za vipokezi vinavyofanya kazi. Ulimi wa Saintsbury, kwa hiyo, ulikuwa hasa pua ya Saintsbury.

Pipa lisiloisha

Kwenye kitabu chake Saintsbury anaeleza ujanja mmoja wa nyumbani. Chukua pipa, lisimamishe wima, litoboe bomba katikati au juu kidogo ya katikati. Lijaze wiski nzuri. Kunywa mpaka ifike kwenye bomba, halafu jaza tena kwa wiski nyingine nzuri. Pipa haliishi kamwe, na linazidi kuwa na ladha ya kipekee kwa sababu ya kale na ya sasa zinakaa pamoja. Zile wiski alizozitaja, za moshi na zisizo na moshi, ndizo alizoziona zinafaa kuchanganywa.

Tupige hesabu kidogo. Kama kila mara unatoa nusu na kuongeza nusu, baada ya mjazo wa kwanza umebakiwa na nusu ya wiski ya mwanzo. Baada ya mjazo wa pili ni robo. Baada ya mjazo wa kumi ni sehemu 1 kati ya 1,024, chini ya asilimia 0.1. Haifiki sifuri, ila kivitendo haipo. Ukimuuliza mwenye pipa, atakuambia kwa moyo mweupe kwamba pipa lina wiski aliyoweka miaka ishirini iliyopita. Hadanganyi. Lakini anachokunywa karibu chote ni cha juzi.

Kumbukumbu nayo ina tabia hiyo. Mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alitoa kitabu kiitwacho Remembering. Aliwasomesha watu hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, iliyo ngeni kabisa kwao, kisha akawataka waisimulie tena na tena, baada ya saa, siku, miezi. Hadithi ilifupika, mambo ya ajabu yakatoweka, na mahali pake pakaingia vitu ambavyo Mwingereza angevitegemea. Wasimuliaji hawakujua kwamba wanabadilisha. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kukumbuka ni kujenga upya kwa vipande vilivyopo, kwa msaada wa mazoea yako.

Hadithi ina maneno, angalau unaweza kuyashika. Harufu haina hata hayo. Mtu anaweza kunusa mdalasini, akajua anaujua, na jina likagoma kutoka. Sasa fikiria kukumbuka tofauti kati ya wiski mbili ulizoonja miaka saba tofauti, katika nyumba mbili tofauti, ukiwa na watu tofauti. Kila unapoisimulia ile jioni nzuri, unajaza pipa.

Kinywaji nacho hakikukaa kimya

Kuna tatizo la pili, na hili haliko kichwani. Hata kama kumbukumbu ya Saintsbury ingekuwa timamu kama picha, leo hatuwezi kuikagua kirahisi, maana kilichokuwa kwenye glasi yake hakipo.

Chukua hiyo Clyne Lish. Kiwanda kilijengwa mwaka 1819 huko Sutherland, pwani ya kaskazini mashariki ya Scotland. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wenyewe walijenga kiwanda kipya jirani kabisa na cha zamani, wakakipa kile kipya jina la Clynelish. Kiwanda cha zamani kilifungwa, kikafunguliwa tena kwa jina jipya la Brora, kikatengeneza wiski ya moshi mzito kwa miaka kadhaa, kikafungwa tena mwaka 1983, na kikafufuliwa mwaka 2021. Kwa hiyo ukienda dukani leo ukanunua chupa iliyoandikwa Clynelish, umenunua jina alilolipenda Saintsbury, lakini lenye mitambo mingine ndani yake. Ukinunua Brora, unapata majengo aliyoyapenda chini ya jina ambalo hakulijua.

Na hata pasipo mambo ya majina, viwanda vyenyewe vilibadilika. Mitambo iliyokuwa inachochewa kwa makaa ya mawe chini ya sufuria ilihamia kwenye mvuke. Vingi viliacha kuchipulisha shayiri kwenye sakafu zao na kuanza kununua kimea kutoka viwanda vikubwa. Mapipa nayo yakabadilika. Sheria za Marekani kuanzia miaka ya 1930 zilitaka wiski yao ya bourbon ilale kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani, maana yake pipa lililotumika mara moja halina kazi tena kwao. Scotland ikayachukua kwa maelfu. Vanilini nyingi unayoinusa leo imekuja kwa njia hiyo. Saintsbury, aliyejaza ghala lake kabla ya hapo, alizoea mapipa ya aina nyingine.

Kwa lugha ya maabara: chombo cha kupimia kimesogea, na sampuli nayo imesogea. Ukipata tofauti kati ya jana na leo, hujui nani kasogea zaidi.

Jina linaonjwa kabla ya kinywaji

Tatizo la tatu ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linaingia hata pale kumbukumbu na kinywaji vinapokuwa sawa. Ni jina.

Angalia orodha ya Saintsbury kwa jicho la wivu kidogo. Mwaka 1880, yaani miaka 40 kabla ya kitabu chake, Robert Louis Stevenson aliandika shairi ambamo Mskoti anayerudi kutoka ughaibuni anasifu vinywaji vya kwao. Anataja vitatu: Talisker, Islay na Glenlivet. Vyote vitatu vimo kwenye orodha ya profesa wetu wa fasihi. Labda ndimi mbili zilikubaliana. Labda pia mmoja alionja akiwa tayari anajua nini kinatakiwa kuwa kizuri.

Jina Glenlivet hasa lilikuwa mali. George Smith alichukua leseni katika bonde hilo mwaka 1824, wakati majirani zake wengi walikuwa wakipika kwa magendo na walimchukia kwa kujiunga na serikali. Wiski ya bonde hilo ikapata sifa kubwa mpaka viwanda vingine, hata vilivyokuwa mbali na bonde, vikaanza kubandika neno Glenlivet kwenye majina yao. Miaka ya 1880 suala likafika kwenye sheria, na wa Smith wakabaki peke yao na haki ya kuiita yao The Glenlivet bila kuongeza jina jingine. Watu hawaendi mahakamani kugombania neno lisilouza.

Je, jina au rangi inaweza kweli kubadilisha unachonusa? Kwa mvinyo tuna jaribio maarufu. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux. Waliwapa mvinyo mweupe na mwekundu, wakaandika maneno ya kueleza kila mmoja. Baadaye wakawapa mvinyo mweupe ule ule mara mbili, ila glasi moja imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaanza kuieleza glasi ile kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliiamuru pua.

Na waamuzi wazoefu? Robert Hodgson alipanga jaribio ndani ya mashindano ya mvinyo ya jimbo la California, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waamuzi walipewa mvinyo kutoka chupa ile ile mara tatu, bila kujua. Karibu mmoja kati ya kumi tu ndiye aliyeweza kutoa alama zinazoangukia daraja moja la medali kila mara. Hawa ni watu walioaminiwa kugawa dhahabu na fedha.

Kutafuta lugha moja

Watu wa wiski waliyaona matatizo haya mapema, kwa sababu kwao yalikuwa gharama. Kampuni inayochanganya wiski nyingi kutengeneza chapa moja lazima chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Mchanganyaji mmoja akisema "nzito" na mwenzake akisikia "ya moshi", hasara inaanza hapo.

Mwaka 1979 watafiti wa kituo cha Pentlands Scotch Whisky Research huko Edinburgh walichapisha gurudumu la harufu. Ni duara lililogawanywa kama vipande vya chungwa: katikati maneno mapana, na ukielekea pembeni maneno yanakuwa mahususi zaidi. Unapoonja, unaanza katikati na kusogea nje. Thamani yake iko kwenye makubaliano. Neno kama "dawa" linahusishwa na harufu fulani ambayo wote wamenusishwa, halitegemei tena hospitali uliyokwenda utotoni.

Mwaka 1983, huko huko Edinburgh, eneo la Leith, likaanzishwa shirika la wapenzi wa wiski, The Scotch Malt Whisky Society. Wao waliondoa majina ya viwanda kwenye chupa na kuweka namba: namba ya kwanza ni ya kiwanda, ya pili ni ya pipa. Wajuzi huzikariri namba, kwa hiyo pazia lina matundu, lakini wazo ni zuri: kwanza onja, jina baadaye.

Halafu mwaka 1989 mwandishi Michael Jackson (sio mwanamuziki, huyu alikuwa Mwingereza mwandishi wa bia na wiski, alifariki mwaka 2007) akatoa kitabu cha mwongozo wa wiski za kimea. Kila wiski ilielezwa kwa mpangilio ule ule: rangi, harufu, uzito mdomoni, ladha, na kinachobaki baada ya kumeza. Kisha alama kati ya 100. Watu wengi walikikimbilia kwa sababu ya alama. Wanasayansi wawili wa Kanada walikipenda kwa sababu ya mpangilio.

Wanaikolojia wavamia baa

François-Joseph Lapointe na Pierre Legendre wa Chuo Kikuu cha Montréal ni wanabiolojia. Kazi ya kila siku ya mwanaikolojia ni kuchukua jedwali la maeneo na viumbe, hapa yupo, pale hayupo, na kuuliza maeneo gani yanafanana. Wakaona kwamba kitabu cha Jackson kinaweza kugeuzwa jedwali kama hilo. Weka wiski mahali pa maeneo, na sifa mahali pa viumbe. Walipata wiski 109 na sifa 68, kila sifa ikiandikwa ipo au haipo. Makala yao ilitoka mwaka 1994 kwenye jarida la takwimu la Royal Statistical Society, na ikauliza maswali ambayo wanywaji wamekuwa wakipigania mezani: kuna aina kuu ngapi za wiski, nani mwakilishi bora wa kila aina, na jiografia inachangia kiasi gani?

Mwaka 2002 mtaalamu wa takwimu David Wishart akaja na kitabu Whisky Classified. Yeye alisoma maelezo ya waandishi kadhaa, akatoa wiski 86 na sifa 12 (moshi, dawa, asali, matunda, maua na kadhalika), kila sifa ikipewa alama kuanzia 0 hadi 4. Akazipanga katika makundi 10. Jedwali lake linapatikana kirahisi, na wengi waliosoma somo la kupanga data kwa makundi wamekutana nalo darasani, hata wasiokunywa tone.

Sasa hebu tuiweke orodha ya Saintsbury juu ya jedwali la Wishart. Kuna kundi moja la wiski nzito, kavu, zenye moshi na harufu ya dawa. Limo na wiski sita: Ardbeg, Caol Ila, Clynelish, Lagavulin, Laphroaig na Talisker. Umeona? Tano kati ya hizo sita zilitajwa na Saintsbury miaka 82 kabla. Angalia pia mahali zinapotoka. Ardbeg, Caol Ila, Lagavulin na Laphroaig ni za Islay, magharibi. Talisker ni ya kisiwa cha Skye, kaskazini zaidi. Clynelish iko upande wa pili wa nchi kabisa. Na kwenye Islay hiyo hiyo kuna Bunnahabhain, ambayo ina alama 1 tu ya moshi na inaangukia kundi tofauti. Moshi unafuata namna kimea kilivyokaushwa, sio mipaka ya ramani.

Zilizobaki kwenye orodha ya profesa ni Glenlivet na Glen Grant. Kwenye jedwali Glenlivet ina 1 ya moshi, Glen Grant ina 0. Kwa hiyo mapenzi yake yalikuwa na ncha mbili: moshi mzito wa pwani upande mmoja, matunda na wepesi wa bonde la Spey upande mwingine. Na akazitia zote pipa moja. Ukifikiria kama mchanganyaji, hilo lina akili: ncha mbili zinazokamilishana.

Hapa mtu anaweza kusimama na kushangilia kwamba ulimi wa mzee umethibitishwa na takwimu. Pole pole. Kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza tumeshauona: Clynelish ya Wishart inatoka kiwanda kipya. Kuwa kwake kundi moja na Talisker hakusemi lolote kuhusu Clyne Lish ya kabla ya 1920.

Mtego wa pili ni waliosalia. Viwanda vingi vya Scotland vilikufa katika karne ya 20, na 86 za Wishart ni zile zilizobaki na kuwa na sifa ya kuandikiwa. Wiski iliyotajwa na washairi na maprofesa ina nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi. Kwa hiyo kuikuta orodha ya zamani ndani ya jedwali jipya ni jambo tulilopaswa kulitarajia.

Mtego wa tatu ni jina, tena. Alama za Wishart zimetoka kwenye maelezo ya waandishi, na mwandishi anayejua kwamba mbele yake kuna Talisker anajua tayari kwamba Talisker "inatakiwa" kuwa na pilipili na bahari. Hesabu safi juu ya data ya namna hiyo inapanga makundi ya wiski, na pia inapanga makundi ya mazoea ya waandishi. Kuvitenganisha viwili hivyo kwa kompyuta peke yake haiwezekani. Inabidi urudi kwenye glasi.

Dawa ni vikombe vya chai

Njia ya kurudi kwenye glasi ilishapatikana, na ilianzia kwenye chai. Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alisema anaweza kutambua kama maziwa yametangulia kwenye kikombe au chai ndiyo iliyotangulia. Mwenzake wa takwimu, Ronald Fisher, akaligeuza kuwa swali la majaribio, na mwaka 1935 akaliweka kwenye kitabu chake cha namna ya kupanga majaribio. Vikombe 8, vinne vya kila aina, vimechanganywa kwa bahati nasibu. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ni 70. Kwa hiyo anayebahatisha atapata vyote kwa nafasi 1 kati ya 70, kama asilimia 1.4.

Ukitaka kujua kama kipenzi chako ni kipenzi kweli, huhitaji maabara. Mwombe mtu akumiminie glasi tatu wewe ukiwa nje ya chumba: mbili za kinywaji kimoja, moja ya kingine. Tafuta isiyofanana. Ukipatia mara moja haina maana, nafasi ya kubahatisha ni 1 kati ya 3. Ukipatia mara tano mfululizo, siku tofauti, nafasi ya bahati imeshuka hadi 1 kati ya 243. Hapo ndipo unaweza kusema unaitambua. Kuipenda ni swali la pili: glasi mbili, bila majina, chagua unayoitaka. Ukichagua kipenzi chako mara nane kati ya nane, sarafu ingefanya hivyo mara 1 tu katika 256.

Weka mengine yote sawa: glasi, joto, kiasi, na hasa maji. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Sweden walionyesha kwa mahesabu ya kompyuta kwamba wiski ikipunguzwa nguvu mpaka karibu asilimia 45 au chini, gwayakoli hupenda kukaa juu, mpakani mwa kinywaji na hewa, mahali pua inapoipata. Kijiko kimoja cha maji kinaweza kukupa harufu ambayo glasi ya jirani haina. Na tema, kama wanavyotema waonja chai. Glasi ya nne haionjwi na mtu yule yule aliyeonja ya kwanza. Kama hunywi pombe, tumia asali ya nyuki wadogo na ya nyuki wakubwa, au chai za mashamba mawili. Hesabu haibadiliki.

Kinachobaki

Baada ya yote haya, orodha ya Saintsbury ina thamani gani? Kama kipimo cha wiski, ni dhaifu. Kama kipimo cha mtu, ni nzuri sana. Inatuonyesha ni majina gani yalikuwa na uzito kwa msomi wa Edinburgh, ni viwanda gani viliuza kimea bila kuchanganywa wakati ambapo wanywaji wengi walikuwa wakinywa za kuchanganywa, na namna mtu alivyofikiria kuziweka pamoja. Tunaijua kwa sababu moja tu: aliiandika. Kilichokuwa kwenye pipa lake kimekwisha, na hakuna kemia itakayokirudisha.

Tofauti kati yake na sisi ni kwamba sisi tunajua pipa linajazwa upya. Basi kama unataka siku moja ugeuke nyuma na kuchagua vipenzi vyako, iwe vya wiski, kahawa au pilau za watu, andika usiku ule ule, kabla hujalala na kabla hujasimulia. Andika tarehe, nani alikuwepo, ulilipa bei gani, ulijua jina au hukujua. Mistari minne inatosha. Miaka ishirini baadaye moyo wako utakuwa na orodha yake, na daftari litakuwa na yake. Pale zinapokubaliana, una ladha. Pale zinapogombana, una kitu cha kuonja tena.